Kalkulasi Ndani ya Lugha za Programu: Mhadhara kwa Walimu na Wanafunzi wa Dodoma

Hadhirina, mmefika hapa Kikuyu jioni hii kusikiliza jambo ambalo wengi hulidhania kuwa kavu na gumu. Mahali hapa panalistahili jambo lenyewe. Katika eneo hili ndipo ilipokuwa Shule ya Sekondari ya Mazengo, kabla majengo yake hayajawa, tangu mwaka 2007, maskani ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana. Na ni mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Dodoma kilipofungua milango yake katika vilima vya Chimwaga. Mji ambao zamani ulijulikana zaidi kwa stesheni yake ya reli leo una vijana kwa maelfu wanaosoma hisabati na wengine wanaosoma kompyuta. Walakini elimu hizi mbili aghalabu hufundishwa katika vyumba viwili, kwa walimu wawili wasioulizana habari, na kijana hutoka chuoni akiwa nazo zote mbili kichwani bila ya kujua kwamba ni ndugu wa tumbo moja.

Nimekuja kutetea kauli moja, nami nitaitamka mapema ili msikilizaji apate kuipima kila niendapo. Lugha ya kuandikia programu huweza kuwa na kalkulasi ndani yake kwa njia tatu zilizo mbalimbali. Kila njia ina ukweli wake na mipaka yake. Na mtu asiyejua ni njia ipi iliyompa jibu hana haki ya kuliamini jibu hilo, hata likiwa limeandikwa mbele yake kwa tarakimu kumi na tano.

Tuanze na kalkulasi yenyewe, ambayo Isaac Newton na Gottfried Leibniz waliivumbua kila mtu kwa njia yake katika karne ya 17, na ambayo Leibniz alianza kuitangaza kwa chapa mwaka 1684. Kwa muhtasari, elimu hii hujibu maswali mawili: kitu kinachobadilika kinabadilika kwa kasi gani katika nukta hii ya wakati, na mabadiliko madogo madogo yakikusanywa yanafanya jumla gani. Swali la kwanza ni la deriveti, la pili ni la intigrali, na hatuna haja ya kwenda mbali kuyaona. Mkoa wetu una msimu mmoja tu wa mvua, takriban kuanzia Desemba hadi Aprili, na makorongo yake, ambayo sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu, hufurika kwa saa chache kisha yakakauka. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba mtu amesimama ukingoni mwa korongo mvua iliponyesha, akapima kila baada ya saa moja mita za ujazo za maji zinazopita kwa sekunde, akapata 0, kisha 8, kisha 5, kisha 2, kisha 0. Akiuliza maji yalikuwa yakipanda kwa upesi gani, ameuliza swali la deriveti. Akiuliza ni maji kiasi gani yaliyopita kwa jumla, ili ajue kama yangetosha kujaza lambo la kunyweshea ng'ombe, ameuliza swali la intigrali. Mfano huu tutaurudia, kwa kuwa umebeba zaidi ya unavyoonekana.

Njia ya kwanza ya kuitia kalkulasi katika lugha ya programu ni njia ya alama. Hapa kompyuta haishughuliki na namba, bali huishika fomula yenyewe na kuigeuza kwa kanuni, kama mwanafunzi wa kidato cha tano anavyoigeuza kwa kalamu. Wapo wanaodhani kuwa uwezo huu ni pambo lililoongezwa juu ya lugha za kompyuta baada ya lugha hizo kukomaa. Hakika ni kinyume chake. John McCarthy alipoanza kuibuni lugha ya Lisp nchini Marekani mwaka 1958, miongoni mwa kazi za awali alizozikusudia ilikuwa ni programu ya kutafuta deriveti za fomula. Na kwa kuwa deriveti ya fomula mbili zilizozidishwa haipatikani ila kwa kutafuta kwanza deriveti ya kila moja, ilimlazimu aandae namna ya programu kujiita yenyewe ndani yake, jambo ambalo leo kila mwanafunzi wa kompyuta hufundishwa katika mwaka wake wa kwanza bila ya kuambiwa kwamba kalkulasi ndiyo iliyolidai. Mwaka 1961 James Slagle, mtaalamu aliyekuwa kipofu, aliandika kwa Lisp programu iliyoitwa SAINT, akaipa maswali 86 ya intigrali, mengi yao yakiwa yametoka katika mitihani ya mwaka wa kwanza wa chuo cha MIT, nayo ikayatatua 84. Miaka michache baadaye Joel Moses akaandika programu iliyo imara zaidi, na mwishoni mwa miaka ya 1960 Robert Risch akaonyesha utaratibu wa kuamua, kwa aina kubwa ya fomula, kama intigrali yake inaweza kuandikwa kwa fomula za kawaida au haiwezekani kabisa. Katika juhudi hizo ikazaliwa Macsyma, na mrithi wa Macsyma, aitwaye Maxima, tangu mwaka 1998 ni mali ya kila anayemtaka, bila ya malipo. Kadhalika na SymPy kwa wale wanaotumia lugha ya Python.

Uzuri wa njia hii ni kwamba jibu lake ni kamili. Mwanafunzi wa takwimu anayetumia lugha ya R akiandika D(expression(x^3), "x"), hujibiwa 3 * x^2, nalo ni jibu lile lile ambalo mwalimu wake angeliandika ubaoni, halina makadirio ndani yake. Walakini ukamilifu huo una mipaka, na mipaka yenyewe haikuwekwa na watengenezaji wa kompyuta bali na hisabati. Mchoro wa kengele unaotumiwa na kila mwanatakwimu, awe anapima uzito wa watoto kliniki au mavuno ya zabibu shambani, hauna intigrali inayoweza kuandikwa kwa fomula za kawaida. Joseph Liouville wa Ufaransa aliuweka msingi wa uthibitisho wa mambo ya namna hii katika miaka ya 1830, na hakuna kompyuta itakayozaliwa kesho ikautangua. Fauka ya hayo, yule mtu wetu wa korongoni hana fomula hata kidogo: ana vipimo vitano alivyoviandika daftarini, basi. Dunia aghalabu hutupa vipimo, haitupi fomula.

Kwa hiyo ipo njia ya pili, njia ya namba, ambayo ndiyo iliyotawala tangu Fortran ilipotoka mwaka 1957 mikononi mwa John Backus na wenzake wa IBM. Hapa kompyuta hukubali kwamba haitapata jibu kamili, ikatafuta lililo karibu. Turudi kwenye korongo. Kanuni ya trapeza, iliyomo katika mtaala wetu wa Hisabati ya Juu, huunganisha vipimo kwa mistari iliyonyooka. Ukiitumia kwa namba zile tano utapata kwamba maji yaliyopita ni mita za ujazo 54,000. Kanuni ya Simpson, iliyomo katika sura hiyo hiyo ya mtaala, huunganisha vipimo vitatu vitatu kwa mistari ya parabola. Ukiitumia kwa namba zile zile utapata 60,000. Vipimo havikubadilika, korongo ni moja, na tofauti ni mita za ujazo 6,000, yaani lita milioni sita za maji. Ni jibu lipi lililo sahihi? Kitabu cha hisabati kitasema kwamba kanuni ya Simpson, kwa mstari uliopinda kwa ulaini, ndiyo iliyo karibu zaidi na kweli, na kitabu hakikosei. Lakini mtu aliyekulia huku Ugogoni anajua kwamba korongo haliji kwa ulaini: maji huja ghafla, na yumkini kilele cha mafuriko kilipita kati ya kipimo cha kwanza na cha pili, hakuna aliyekiona. Hapo hakuna kanuni itakayotuokoa, wala lugha ya programu, iwe mpya namna gani; dawa ni kupima kila baada ya dakika kumi. Na mtu wa kulitambua hilo ni yule anayeijua kalkulasi na kulijua korongo pia.

Deriveti nayo, ikitafutwa kwa namba, ina hatari yake, tena hatari ya kushangaza. Chukueni x kwa kipeo cha tatu, mkatake kasi ya badiliko lake pale x inapokuwa 2. Jibu kamili ni 12. Kompyuta ikisogea hatua ya 0.1 na kulinganisha, itapata 12.61, ikisogea 0.01, itapata 12.0601, ikisogea 0.001, itapata 12.006001. Mwanafunzi akiona hivyo husema moyoni, basi nitapunguza hatua mpaka nifike kwenye ukweli wenyewe, akaandika hatua ya desimali iliyo na masifuri kumi na tano baada ya nukta, kabla ya moja. Kompyuta humjibu sifuri. Haikuharibika wala haikufanya inda: kwa kanuni za namba zilizokubaliwa kimataifa mwaka 1985, namba ya kawaida katika kompyuta hubeba tarakimu takriban kumi na sita tu, na mbili ikiongezwa kitu kidogo kiasi hicho hubaki kuwa mbili ile ile, hata ikaonekana kwamba hakuna kilichobadilika. Hatua ikiwa kubwa kanuni hukosea, na hatua ikiwa ndogo mno namba hukosea. Ustadi ni kujua pa kusimama kati ya makosa hayo mawili.

Nitawaonyesha jambo jingine, nanyi mnaweza kulijaribu wenyewe usiku huu. Lugha ya R ina amri iitwayo integrate. Ukiiambia integrate(dnorm, -1.96, 1.96), yaani ikusanye eneo lililo chini ya mchoro wa kengele kati ya mipaka hiyo, itakujibu 0.9500042, tena kwa uaminifu itakuongezea kadirio la kosa lake. Sasa iambie ikusanye kuanzia 0 hadi 20000. Jibu lililo sahihi ni nusu, kwa kuwa umechukua upande mzima wa kulia wa mchoro. Lakini katika kompyuta nyingi utajibiwa sifuri, na kadirio la kosa nalo litasema sifuri. Sababu ni kwamba amri hiyo huchungulia nukta chache zilizotawanywa kati ya mipaka hiyo miwili, na kengele yenyewe imekaa katika pembe ndogo mwanzoni, kwa hiyo kila ilipochungulia iliona bapa, ikahukumu kwamba pote ni bapa. Waandishi wa R hawakulificha jambo hili, bali wameliweka wazi katika maelezo ya amri hiyo, na wamesema dawa yake: ipe kompyuta mpaka usio na mwisho, uandikwao Inf, nayo itabadilisha namna ya kuchungulia na kupata nusu. Lakini ni nani husoma maelezo hayo? Ni yule aliyefundishwa kuuliza.

Wala msidhani kwamba haya ni mambo ya mazoezi ya darasani. Kusini mwa hapa, mpakani mwa Dodoma na Iringa, liko Bwawa la Mtera, lililojengwa juu ya Mto Ruaha Mkuu ili kulihifadhia maji bwawa la Kidatu lililo chini yake, na baadaye likapewa mitambo yake yenyewe ya megawati 80. Kiwango cha maji yake kikijaa ni mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na mita 690 ndicho kiwango cha chini cha kuzalishia umeme. Kati ya namba hizo mbili pana mita nane na nusu tu. Kasi ya kuongezeka au kupungua kwa maji hayo ni sawa na yanayoingia, ukiondoa yanayotolewa na yanayofyonzwa na jua. Na yanayofyonzwa na jua hutegemea upana wa bwawa, nao upana hutegemea kina, ambacho ndicho tunachokitafuta. Mlinganyo wa namna hii, ambamo kasi ya badiliko la kitu hutegemea kitu chenyewe, mara chache hukubali kutatuliwa kwa alama. Hutatuliwa kwa kupiga hatua moja baada ya nyingine, kwa kanuni ambazo Carl Runge na Wilhelm Kutta walizieleza kati ya 1895 na 1901, na ambazo leo zinapatikana tayari kwa watumiaji wa R, wa Python, wa Julia na wa MATLAB. Nchi inayopanga umeme wake kwa hesabu za namna hiyo inahitaji watu wanaojua hatua ilipigwa kwa urefu gani, na kwa nini.

Nafika sasa kwenye njia ya tatu, ambayo ndiyo changa na ndiyo isiyofundishwa sana, ijapokuwa ndiyo iliyogeuza dunia katika miaka hii. Tuiite njia ya kuandamana. Mwaka 1964 R. E. Wengert alieleza kwamba programu, badala ya kubeba namba moja, inaweza kubeba mbili kwa pamoja, thamani na kasi ya badiliko lake, kama mchukuzi wa mzega aliye na mzigo mbele na mzigo nyuma, na kila hesabu inapofanywa kwenye mzigo wa kwanza, kanuni inayolingana nayo ya kalkulasi hufanywa kwenye wa pili. Tuujaribu mfano wetu. Tunaanza na 2, na kasi yake 1. Tukiizidisha kwa nafsi yake, thamani ni 4, na kasi, kwa kanuni ya kuzidisha, ni 1 mara 2 jumlisha 2 mara 1, yaani 4. Tukiizidisha tena kwa 2, thamani ni 8, na kasi ni 4 mara 2 jumlisha 4 mara 1, yaani 12. Tumepata 12 barabara. Hatukuandika fomula ya deriveti, hatukupiga hatua ndogo wala hatukupoteza tarakimu. Njia hii huchukua usahihi wa ile ya kwanza, na huingia mahali ambapo njia ya pili tu ndiyo iliyozoea kuingia, yaani ndani ya programu ndefu zenye maelfu ya mistari.

Mwaka 1970 mwanafunzi wa Helsinki aitwaye Seppo Linnainmaa alionyesha, katika tasnifu yake ya shahada ya uzamili, kwamba mwendo huo unaweza kufanywa pia kwa kurudi nyuma, kutoka kwenye jibu kwenda kwenye chanzo. Na faida yake ni kwamba hata kama jibu linategemea namba milioni moja, kasi zote milioni moja hupatikana kwa gharama ya mara chache tu ya ile ya kulikokotoa jibu lenyewe mara moja. Mwaka 1986 David Rumelhart, Geoffrey Hinton na Ronald Williams waliueneza mwendo wa namna hiyo katika kuifundisha mitandao ya neva bandia, na juu yake ndipo ilipojengwa akili mnemba tunayoisikia kila kukicha. Jambo hili limetugusa hapa hapa Tanzania. Programu ya simu iitwayo Nuru, inayomsaidia mkulima kutambua ugonjwa wa batobato na wa michirizi ya kahawia katika muhogo, ilitokana na utafiti uliotumia picha za majani zilizopigwa katika mashamba ya majaribio karibu na Bagamoyo, na mtandao uliofundishwa kwa zana iitwayo TensorFlow, ambayo kiini chake ni kalkulasi ya kuandamana kwa kurudi nyuma. Mkulima anayeiweka simu yake juu ya jani haandiki deriveti. Lakini deriveti kwa mamilioni zimekwisha kutangulia kufanywa ili simu ile ipate kumjibu.

Hizo ndizo njia tatu, hadhirina, na muradi wangu sasa ni kusema yanayotupasa. Kompyuta ya kwanza ya Serikali yetu ilifungwa Hazina mwaka 1965, na mwaka 1974, kwa sababu zilizoonekana kuwa na uzito wakati ule, uingizaji wa kompyuta nchini ulipigwa marufuku. Hivyo katika miaka ile ile ambayo wenzetu walikuwa wakizikuza Macsyma na ndugu zake, sisi tulikuwa nje ya mlango. Simlaumu mtu kwa hayo, kwa kuwa nchi maskini hulazimika kuchagua. Lakini leo mlango uko wazi. Maxima, R, SymPy na Julia hazihitaji leseni ya kununua. Zikishawekwa katika kompyuta hufanya kazi hata mahali ambapo intaneti haifiki. Na kompyuta kuukuu moja katika chumba cha shule ya kata inatosha kuonyesha kila nilichokionyesha jioni hii. Kinachotupungukia ni nia ya kuzifungua kurasa mbili kwa pamoja.

Mwanafunzi wetu wa kidato cha sita hufanya kanuni ya trapeza kwa kikokotoo na jedwali, mistari sita au minane, akapata alama zake, akafunga daftari. Hapati kamwe kuona mistari hiyo ikiwa elfu kumi, wala kushuhudia jibu likitulia au likikataa kutulia. Akifika chuoni akafundishwa Python, huandikishwa programu za kuhesabu mishahara na kupanga majina kwa alfabeti, kana kwamba yale ya kidato cha sita yalikuwa ya nchi nyingine. Hasara yake ni kubwa kuliko tunavyokiri, maana kijana huyo huyo kesho ndiye mhandisi wa maji, ndiye mtabiri wa hali ya hewa, ndiye atakayeambiwa na kompyuta kwamba jibu ni sifuri, naye akaliamini.

Nawasihi basi walimu wa hisabati, sura ya makadirio kwa namba msiifundishe tena bila ya kuiandikia programu, hata iwe ya mistari kumi. Nawasihi walimu wa kompyuta, miongoni mwa mazoezi ya kwanza ya wanafunzi wenu liwemo lile la kubeba namba mbili kwa pamoja, kwa kuwa litawafundisha lugha na kalkulasi kwa mara moja. Nanyi wanafunzi, kila kompyuta ikiwapa jibu la kalkulasi, iulizeni maswali matatu kabla ya kulinakili: limepatikana kwa alama, kwa namba, au kwa kuandamana, kosa lake laweza kuwa kiasi gani, na katika mfano mdogo ninaoweza kuutatua kwa kalamu, je, njia hiyo hunipa jibu ninalolijua? Atakayezoea kuuliza hivyo ataifaa nchi hii popote atakapopelekwa. Na asiyezoea, hata awe na mashine bora kuliko zote, asikabidhiwe bwawa.